Shajara ya mradi: msimu wa kuifumua kazi moja

Januari, mwanzo wa msimu

Tumeamua. Msimu huu hatutungi kazi mpya. Tunaichukua ile ya wachezaji sita tuliyoionyesha mwaka jana, tunaifumua, tunaishona upya.

Kwa kundi kubwa la baleti lenye jengo lake, uamuzi huu haungestahili hata kuandikwa. Wao wana hazina ya kazi. Dansi iliyotungwa zamani hurudi jukwaani, hurekebishwa, hurithishwa kwa kizazi kingine cha wachezaji. Kundi huru la baleti ya kisasa kama letu linaishi kwa onyesho la kwanza. Fomu za kuombea fedha zinauliza kazi mpya ngapi, wenye kumbi wanauliza mna kitu gani kipya, basi tunatunga mbio mbio, tunacheza mara chache, maleba yanarudi sandukuni, tunaanza tena. Ukienda hivyo misimu kadhaa unabaki na orodha ndefu ya majina ya kazi, na wachezaji ambao hawajaizoea hata moja vya kutosha kuanza kuichezea kwa uhuru. Ndiko tulikofika. Kazi zetu zimeanza kufanana: mwanzo mzuri, katikati ya kutapatapa, mwisho uliookotwa wiki ya mwisho.

Nilipowaambia wachezaji hawakushangilia. Mmoja aliuliza swali la haki kabisa: "Mwalimu, na sisi tutaandika nini kwenye wasifu wetu?" Mchezaji wa mkataba mfupi hujiuza kwa majina ya kazi alizozianzisha yeye. Nikamtajia baleti ya Apollo. Mtunzi wa dansi George Balanchine aliitunga mwaka 1928 kwa muziki wa Igor Stravinsky, na hakuiacha ilivyokuwa. Kadiri miaka ilivyokwenda aliondoa mapambo ya jukwaa, akapunguza maleba mpaka zikabaki nguo za kufanyia mazoezi, na mwaka 1979, nusu karne baadaye, akakata tukio zima la mwanzo, lile la kuzaliwa kwa Apollo. Wapo waliokasirika, na hadi leo matoleo yote mawili yanachezwa. Lakini mtu yule alikuwa bado anafanya kazi.

"Yeye ni Balanchine, Mwalimu."

Kweli. Ila mwaka 1928 alikuwa kijana wa miaka 24 kwenye kundi la Ballets Russes, ambalo nalo lilikuwa la kuhamahama na la kukimbizana na madeni.

Januari, katikati

Nimeanzia kwenye kipindi cha asubuhi, si kwenye dansi yenyewe.

Kila kundi la baleti huifungua siku namna moja. Wachezaji wanashika ufito, wanapasha miguu kwa pliye, yaani kukunja magoti, na tandu, yaani kunyoosha mguu ukiteleza sakafuni, taratibu, kuanzia vifundo hadi nyonga. Kisha wanaachia ufito, wanakuja katikati ya ukumbi, mizunguko, miruko midogo, halafu miruko mikubwa ya kuvuka ukumbi kona hadi kona. Mpangilio huo una umri mkubwa kuliko sisi sote na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba kwetu kipindi kilikuwa kitu kimoja na mazoezi kitu kingine. Asubuhi miili inasimama wima, nyuso mbele, kulia sawa na kushoto. Mchana naitaka ianguke, ijikunje, izunguke nje ya mhimili wake, halafu nashangaa ikigoma. Haijaandaliwa.

Sasa ufitoni tunaacha mambo kama yalivyo. Tukifika katikati, zoezi la tandu linafanywa kwa namna tatu. Kwanza kama kila mtu alivyofundishwa. Kisha mguu unafanya vilevile lakini kiwiliwili kinatazama kona nyingine. Kisha ule mstari ambao mguu ulikuwa unauchora sakafuni unachukuliwa na kiwiko, na mguu unabaki kutafuta pa kusimama.

Wazo hili lina mwenyewe. William Forsythe, mtunzi wa dansi aliyeongoza kundi la Ballett Frankfurt kuanzia 1984 hadi 2004, aliichukua fikra ya Rudolf Laban, mwananadharia wa dansi, kwamba kila mwili unabeba tufe la nafasi kuuzunguka, akaondoa sharti la kitovu kimoja. Kwa Laban tufe lile lina kitovu chake katikati ya mwili. Kwa Forsythe kitovu chaweza kuwa goti, sikio, bega la kushoto, na vyaweza kuwa vingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1999 alitoa diski ya kompyuta inayoonyesha mistari hiyo ikichorwa hewani juu ya picha zake akicheza. Ukiitazama unaelewa kwamba ile fujo unayoiona jukwaani ni hesabu.

Kinachonikera ni jinsi watu wanavyoiga sura yake. Nyonga iliyosukumwa nje, mguu uliopandishwa kupita kiasi, uso uliokazwa. Vitu hivyo kwake vilikuwa matokeo ya maswali. Kwenye kundi lisilo na maswali vinabaki kuwa mapozi. Kazi yetu ya mwaka jana ilikuwa na mapozi ya namna hiyo kadhaa. Nimeyaweka alama kwenye daftari na yataondoka.

Kuna dalili njema moja. Mchezaji wetu mrefu kuliko wote, ambaye arabeski yake, ule mkao wa kusimama kwa mguu mmoja na mwingine umenyooshwa nyuma, ni ya kuwekwa kwenye bango na analijua hilo, alipewa zoezi la kiwiko. Akafika mahali kiwiko kikamvuta nyuma ya mgongo wake mwenyewe na mguu wa kusimamia ukaanza kutetemeka. Kwa kawaida hapo angejirekebisha, angerudi kwenye umbo zuri. Safari hii aliuacha mguu utetemeke, akafuata kiwiko mpaka kikaishia sakafuni, naye akaishia nacho. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Hilo ndilo litakuwa ufunguzi wa sehemu ya kwanza.

Februari

Mjadala wa viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole, umerudi, na safari hii tumeumaliza.

Kundi linalojiita la baleti ya kisasa haliwezi kulikwepa swali hili. Ukivitumia, watu wanasema umeng'ang'ania ya kale. Ukiviacha, wanauliza kwa nini usijiite kundi la dansi tu. Mimi nadhani swali linaulizwa kichwa chini. Kiatu cha ncha ni chombo, na chombo kinaulizwa kinafanya nini.

Mchezaji Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide mjini Paris mwaka 1832 hakuwa na kiatu kigumu cha leo. Alivaa kiatu laini cha satini kilichotiliwa nyuzi pembeni na mbele, na kazi iliyobaki ilifanywa na misuli. Lengo lilikuwa kuonekana kama hana uzito. Wepesi ule ukawa desturi, desturi ikawa sheria. Kisha mwaka 1923 mtunzi Bronislava Nijinska akatunga baleti ya Les Noces, akawapa wanawake viatu hivyohivyo kwa kazi iliyo kinyume: ncha zinapigilia sakafu, miili inasimama kwa safu, mizito, kama watu ambao uamuzi umekwisha kufanywa juu yao. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu hapo na bado kuna watunzi wanaojua matumizi moja tu.

Sisi tumeamua hivi: viatu vya ncha vinaonekana kwenye sehemu ya tatu peke yake, kwa wanawake wawili, na kwa sababu ya sauti.

Mchezaji akipata viatu vipya huwa anavipiga. Anagonga ncha ukutani, anazipiga nyundo, anakunja soli mpaka ilegee, anakwaruza chini ili isiteleze, anashona riboni na lastiki mwenyewe kwa kipimo cha kifundo chake. Sehemu kubwa ya vurugu hiyo ni kukinyamazisha kiatu, maana kisanduku cha mbele ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na kikigusa jukwaa kinalia ko. Hadhira haitakiwi kusikia. Tuliwaomba wale wawili waache kupiga ncha. Wakaja na viatu vibichi, wakatembea tu ukumbini, bila muziki, bila hatua yoyote ya dansi. Ko, ko, kimya, ko. Mmoja ana mguu wa kulia mzito zaidi. Hakuwahi kujua, nasi hatukujua. Mdundo wa sehemu ya tatu umetokana na matembezi yale, na kasoro ya mguu wa kulia tumeiacha ndani.

Hasara yake ni kwamba viatu vigumu vinaumiza, na jasho linavilegeza, kwa hiyo mlio wa mwanzo wa sehemu si mlio wa mwisho wake. Kwenye makundi makubwa mchezaji anaweza kumaliza jozi katika onyesho moja na akapewa nyingine. Kwetu jozi inatiwa gundi upya usiku, inakaushwa, inarudi kazini. Tumepanga mazoezi ya sehemu hiyo yafanywe kwa viatu vilivyokwisha kufa, na vile vyenye mlio vihifadhiwe kwa mapitio kamili.

Halafu kuna rangi. Viatu vya kawaida ni vya waridi lililofifia, rangi iliyochaguliwa ili mstari wa mguu usikatike, yaani mstari wa mguu mweupe. Dance Theatre of Harlem, kundi lililoanzishwa na Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969, ndilo lililoanza kuwavalisha wachezaji soksi ndefu na viatu vya rangi ya ngozi zao wenyewe, katika miaka ya 1970. Ilibidi ifike 2018 ndipo watengenezaji wa viatu Freed of London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black, waanze kuuza viatu vya kahawia na vya rangi ya shaba. Katikati hapo, na mpaka sasa kwa asiyevipata, dawa ni faundesheni ya usoni: gazeti linatandazwa, sponji inachovywa, kiatu kinapakwa tabaka hata la tatu, riboni nazo. Mmoja wa wale wawili hufanya hivyo kila jioni huku akizungumza na simu, bila kutazama mikono yake. Nimeomba bajeti ya viatu iandikwe kwenye fungu la maleba badala ya kuachiwa mchezaji. Imekubaliwa. Ni ushindi mdogo na nimeufurahia kuliko inavyostahili.

Februari, mwisho

Sakafu. Ukumbi tunaokodi kwa mazoezi una vinyili, mkeka wa plastiki, iliyotandazwa juu ya zege. Vinyili inazuia kuteleza, haizuii kuumia. Kinachookoa miundi ni mbao zinazobonyea chini yake, na hapa hazipo. Miruko mikubwa imehamishiwa siku tunazopata ukumbi mwingine. Sina zaidi ya kusema juu ya hili ila kwamba ratiba ya kundi dogo hupangwa na sakafu kabla haijapangwa na sanaa.

Machi

Mtunzi wetu wa muziki ameleta rekodi mpya ya sehemu ya pili, ya mapigo saba. Wachezaji wa baleti wamelelewa na nane: moja mpaka nane, tena moja mpaka nane, hata ndotoni. Saba inawalazimu kuigawa, mbili na mbili na tatu, na kila mtu hapo ukumbini ameigawa kivyake. Nilitaka kuwapatanisha. Mtunzi akanizuia, akasema tusikilize kwanza. Kweli, kule kupishana kulizaa kitu: watu sita wanafanya hatua zilezile na kila mmoja anatua mahali pake, lakini wote wanakutana kwenye pigo la kwanza. Tumekubaliana mgawanyo uwe wa aina tatu tu, wawili wawili, ili kupishana kuwe na sura badala ya ajali.

Kwenye sehemu ya tatu nimemwomba atoe muziki kabisa kwa dakika nzima. Viatu peke yake. Baada ya hapo muziki unaingia kwa kasi ya viatu. Kwa kuwa tunatumia rekodi, si wanamuziki hai, itabidi fundi wa sauti aizoee mitembeo ya wale wawili na aachie muziki kwa sikio lake. Hakufurahi. Amesema atajaribu.

Machi, mwisho

Mchezaji mmoja anaondoka. Amepata mkataba wa mwaka mzima katika kundi linalolipwa na serikali, lenye bima na daktari wa viungo. Nilimpa mkono na nilimaanisha pongezi. Kundi huru haliwezi kushindana na mshahara wa kila mwezi. Linachoweza kudai ni muda wa kurithisha, naye ametupa bila kuombwa mara mbili.

Aliyekuja kuchukua nafasi yake alipewa video kwanza, kama kawaida yetu. Makundi makubwa yana mwandishi wa dansi, anayeandika hatua kwa alama. Mfumo wa Laban, uliochapishwa mwaka 1928, unasomwa kutoka chini kwenda juu; ule wa Rudolf na Joan Benesh, wa miaka ya 1950, una mistari mitano kama muziki na unasomwa kushoto kwenda kulia. Yote miwili inaweza kukuambia mkono upo wapi kwenye pigo gani bila kukuonyesha mkono wa mtu fulani. Sisi tuna simu iliyoegeshwa kwenye kiti. Video inafundisha kinyume, kwa maana kulia kwake ni kushoto kwako. Inaminya kina cha jukwaa, watu wawili walioachana hatua nne wanaonekana bega kwa bega. Na inafundisha makosa ya siku ile kama sheria. Kijana alikuja amejifunza kila kitu, pamoja na mahali ambapo mwenzake aliteleza na kujishikiza kwa kiganja. Alilifanya kwa ustadi mno. Mmoja wa wanawake alicheka akashindwa kuendelea. Nilijaribiwa kuliacha, kisha nikaliondoa. Kuteleza kwa makusudi kunaonekana jinsi kulivyo.

Kazi ya kweli ilianza walipokaa wote wawili ukumbini na simu ikazimwa. Kipande kigumu ni dueti, dansi ya watu wawili, mahali ambapo mwanamke anakuja mbio kwa mgongo, anarukia begani, na anashushwa huku anazunguka. Yule anayeondoka ni mrefu, mikono yake ina nguvu, alikuwa anambeba kwa mikono. Mgeni ni mfupi, mwepesi, nguvu zake ziko miguuni. Mara za kwanza mwanamke alikuwa anafika begani akiwa amekwisha kuchelewa, na kijana anasukuma juu mzigo uliokwisha kuanza kushuka.

"Usimnyanyue," mwenzake akamwambia. "Anaruka mwenyewe. Wewe mfuate tu."

"Namfuata, kaka."

"Hapana, unamsubiri. Sikiliza anavyovuta pumzi. Akivuta, wewe shuka."

Akashika mbavu za mgeni kwa nyuma, mikono miwili, na mwanamke akarudi kona ya mbali akaanza tena. Alipovuta pumzi, yule aliyeshika akambonyeza mwenzake chini kwenye pliye. Alipoachia mwanamke alikuwa tayari hewani, na miguu ya kijana ikanyooka chini yake bila jasho. Hakuna video inayoonyesha pumzi. Wala mwandishi wa dansi, kwa kadiri ninavyojua mifumo ile, hana mahali pa kuandika kwamba mikono yangu ilikuwa mbavuni mwako.

Sasa kubebana kwenyewe kumebadilika. Kuko chini zaidi na kunasafiri. Kwa kuwa kijana anatumia miguu, anaweza kutembea huku amembeba, jambo ambalo mwenzake hakuliweza. Kwenye toleo la mwaka jana pale palikuwa kilele, mwanamke juu, wote wanatazama. Sasa anavuka jukwaa zima akiwa begani, chali, na anaendelea kuzungumza kwa mikono yake na mtu aliyemwacha nyuma. Napenda hili kuliko lile. Na kama tungetunga kazi mpya msimu huu, yule mrefu angeondoka na dueti yake ikaishia hapo.

Aprili

Mazoezi ya wazi. Tuliwaita wanafunzi wa dansi, na kwa kusisitiza tuliwaita pia watu wasioangalia baleti kabisa. Wanafunzi walisifu, wanafunzi husifu. Msaada umetoka kwa mzee mmoja aliyeuliza, kwa adabu sana, kwa nini hawa wawili kwenye dueti hawatazamani. "Maana mambo wanayofanyiana ni ya watu wanaofahamiana," alisema, "lakini macho yao yako kwangu."

Wachezaji walitazamana hapohapo, wakaangua kicheko.

Ni kweli tupu. Baleti imezaliwa mbele ya mfalme aliyekaa kiti cha kati, na mwili wake wote umejengwa kujionyesha kwake: nyonga zilizofunguliwa, bega lililogeuzwa ili shingo ionekane, kidevu kilichoinuliwa kuelekea safu za nyuma. Tumehamisha vitovu vya miili, tumetoa mapozi, tumekubali viatu vilie, na muda wote huo macho yalibaki kwa mfalme.

Tumetumia sehemu kubwa ya mwezi kwa macho. Ni kazi isiyoonekana na inachosha vibaya. Mtazame mwenzako unapozunguka na unapoteza mzunguko, kwa sababu mzunguko hutegemea macho kukamata kitu kimoja kisichosogea na kichwa kurudi hapo haraka kuliko mwili, lakini mwenzako anasogea. Wamejifunza kumtumia kama alama hata akisogea, na mizunguko imepungua idadi, kutoka mitatu hadi mmoja na nusu. Mpenzi wa mbinu atalalamika. Lakini ile nusu, inayomwacha mwanamke amempa mgongo mwenzake na kichwa bado kimebaki kumtafuta, ina maana kuliko ile iliyoondoka.

Sehemu ya pili imefupishwa. Dansi ya peke yake ya mdogo wao imekatwa yote. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa inasema jambo lililokwisha kusemwa na ufunguzi. Hakulichukulia vyema na sikutarajia alichukulie vyema. Amepewa mwanzo wa sehemu ya tatu, ambao ni mgumu zaidi ingawa hauna hata mruko mmoja.

Mei

Siku ya taa. Ukumbi umetupa siku moja ya kufunga taa, kupita mabadiliko yote ya mwanga na kufanya mapitio ya mwisho, na jioni tunafungua. Makundi yenye jengo hulala jukwaani wiki nzima.

Mbunifu wetu wa mwanga amekuja na mpango wa taa za pembeni tu: milingoti pande zote mbili za jukwaa, kila mmoja na taa ya usawa wa muundi, ya usawa wa kiuno na ya juu ya kichwa. Taa ya mbele inauonyesha uso na kuulaza mwili kama picha iliyobandikwa. Taa ya pembeni inauchonga, kila msuli na kivuli chake. Taa za muundi hazigusi sakafu, kwa hiyo mchezaji anaonekana amesimama hewani. Ubaya ni kwamba zinawapofusha. Mchezaji anayekimbilia pembeni anakimbilia jua, na yule wa kubebwa anakuja mbio kwa mgongo kutoka upande huohuo. Tumezima taa moja ya chini, ya kona ile, kwa sekunde chache za mbio zake. Hakuna atakayejua zaidi yake.

Fundi wa sauti aliachia muziki wa sehemu ya tatu pigo moja mapema kwenye mapitio. Jioni alisubiri.

Mei, baada ya maonyesho

Usiku wa kwanza ulikuwa safi na mgumu kama mbao. Kila mtu alikuwa anakumbuka. Usiku wa pili kuna kitu kililegea: kwenye mapigo saba, wale wa mgawanyo wa pili walianza kuwachokoza wenzao, wakichelewa kutua kwa makusudi, nusu pigo, wakijua watakutana kwenye moja. Sikuwafundisha hilo. Wala lisingetokea usiku wa kwanza. Usiku wa tatu ulikuwa mbaya kidogo kuliko wa pili, viatu vikiwa vimelegea mno kiasi kwamba dakika ya ko ilikuwa dakika ya miguu laini. Hadhira ya siku ile imeona kazi nyingine, na baadhi yao wakaja kutuambia kimya kile kimewagusa. Sijui la kufanya na maoni hayo. Bado nataka mlio.

Mwandishi mmoja wa magazeti ameuliza kwa nini turudie kazi ambayo tayari aliipitia. Mwingine hakugundua kwamba ni ileile.

Juni

Yaliyobaki. Mwisho bado hausimami: wachezaji sita wanajikuta wamepanga mstari mbele, nami nahisi harufu ya mfalme tena. Tumejaribu kuwaacha waondoke mmoja mmoja na inakuwa ya kuhuzunisha bila sababu. Wazo linaloendelea kufanyiwa kazi ni kuwarudisha kwenye zoezi la tandu la asubuhi, namna ya kwanza peke yake, wakiwa wamewapa watazamaji mgongo, na mwanga ukatwe wakati zoezi linaendelea. Mbunifu wa mwanga analipenda; yule mchezaji mrefu wa zoezi la kiwiko halipendi, kwa sababu anasema tandu yake ya upande wa kushoto si ya kuonyeshwa watu. Hoja hiyo kwangu ndiyo inaniambia tulifanye.

Dueti itapokewa na jozi ya pili, wanaume wawili, ili tusinaswe tena mtu akiondoka na pia kwa sababu nataka kuona uzito ukigawanywa sawa unazaa nini. Hapo nani anaruka na nani anafuata si jambo lililokwisha kuamuliwa na desturi. Mgeni wa Machi ndiye atakayewafundisha. Tumepata ukumbi wenye sakafu ya mbao kuanzia Jumatatu, asubuhi tu, na ukumbi ule wa zege kwa mchana. Miruko asubuhi, basi, na macho mchana.